Penseli Kwanza, Msumeno Baadaye

Karakana nyingi za Kibuye hapa Kisumu hazina mlango wa kufunga. Bodaboda wanapiga honi, mteja anauliza bei ya kitanda, simu inalia mfukoni. Kumwambia seremala wa pale atulize akili ni maneno tu. Afadhali aipange kazi ili hata ikikatizwa isiharibike.

Tuchukue stuli ya jikoni: miguu minne ya sentimita 45, na mbao nane za kuiunganisha. Tabu huanza ukipima moja, ukakata moja, ukarudi kupima. Kila ukibadilisha shughuli, kichwa kinaanza upya. Pima zote, ndipo ukate zote.

Na tepu isome mara moja tu. Hamishia vipimo kwenye kijiti kilichonyooka, kisha kila mbao uichore kutoka kwenye kijiti hicho. Ikiwa unataka sentimita 25 zionekane, na kila upande una ulimi (ncha inayoingia kwenye tundu la mguu) wa sentimita 2.5, mbao ni 30. Ndimi ndizo husahaulika, stuli ikatoka ya chekechea. Wapo pia wanaoanza kupima kwenye namba 10 kwa sababu hawaiamini ile ndoana ya ncha ya tepu, inayocheza, halafu wanasahau kutoa ile 10. Ndoana imeachwa icheze makusudi: inasogea kiasi cha unene wake, ili upate kipimo sawa ukiivuta au ukiisukuma.

Miguu ilaze yote minne pamoja, ncha zikiwa sawa, uvute mistari kwa skwea (rula ya pembe mraba) ikipita juu ya yote. Andika namba, na mshale kwenye nyuso zitakazotazama ndani. Bila mshale, utatoboa tundu upande wa nje, na mguu huo ni kuni. Upana wa tundu uwe theluthi ya unene: mguu wa milimita 45, patasi ya 15. Matundu mawili yatakutana ndani ya mguu, kwa hiyo ncha za ndimi zikate mshazari, la sivyo zitagongana na mbao hazitakaa.

Msumeno nao hula mbao, kama milimita 2 hivi. Upitishe upande wa taka, yaani wa kipande cha kutupwa, mstari ubaki ukionekana.

Mteja akifika, malizia mstari ulioushika, uache penseli juu ya mbao inayofuata. Kama ni msumeno wa umeme, zima kwanza ndipo uinue kichwa. Hapo adabu isubiri.

Unganisha bila gundi kwanza. Kisha gandisha pande mbili, kila moja miguu miwili na mbao zake, siku nyingine uziunganishe kwa mbao zilizobaki. Jua la saa nane hukausha gundi nyeupe juu kabla hujamaliza viungo vyote. Pima kutoka kona hadi kona, mara mbili. Ulalo mmoja, yaani kipimo cha kona hadi kona, ukizidi mwingine, zungusha kamba kwenye kona zake, kaza kidogo kidogo gundi ikiwa bado mbichi, upime tena.