Triathloni yangu ya kwanza, na yale maji

Jamani nimeimaliza! Jumapili nimevuka mstari wa triathloni yangu ya kwanza, ile fupi inayoitwa sprinti, unaogelea mita 750, unapanda baiskeli kilomita 20, halafu unakimbia kilomita 5, yote mfululizo na saa haisimami hata ukiwa unavaa viatu. Nimetumia saa 1 na dakika 41. Mpaka leo nikiiangalia ile medali nasisimka.

Watu wengi ukiwatajia triathloni akili inaenda moja kwa moja kwenye Ironman, kilomita 3.8 majini, 180 za baiskeli na juu yake marathoni nzima, basi wanaishia hapohapo. Lakini ile ya Olimpiki yenyewe, iliyoingizwa Sydney mwaka 2000, ni kilomita 1.5, 40 na 10, na sprinti ni nusu yake. Mtu wa kawaida mwenye kazi na familia anaiweza kabisa akijipanga. Mi nilikuwa nakimbia tayari, baiskeli naendea kazini kila siku, kwa hiyo kilichobaki ni maji, na maji ndo yalikuwa kila kitu.

Wiki ya kwanza nilikuwa siwezi kumaliza bwawa la mita 25 bila kushika ukuta. Nafika nahema, moyo unadunda, wakati barabarani nakimbia kilomita 10 naongea. Nikajua mapafu hayatoshi, nikaongeza mazoezi ya kukimbia, haikusaidia chochote. Kocha wa pale bwawani, mzee mmoja mpole sana, akaniangalia nikienda na kurudi halafu akaniuliza, "Mwanangu, pumzi unaitolea wapi?" Nikamwambia pale ninapogeuza kichwa. Akasema, "Basi ndo hapo. Kichwa kikitoka nje ni muda wa kuvuta tu, wewe unataka utoe na uvute kwa mara moja, utawahi saa ngapi?"

Kumbe muda wote uso ukiwa majini nilikuwa naibana pumzi, na ile hali ya kuhisi unakufa kwa kukosa hewa mara nyingi sio kwamba oksijeni imeisha, ni kaboni dayoksaidi imejaa kwenye damu na mwili unakulazimisha uitoe. Nilikuwa sijui hata kidogo. Mzee akanishikisha ukingo, akaniambia nizamishe uso nipulize taratibu kwa pua na mdomo mpaka niishiwe, nigeuke nivute, nirudi. Basi. Hakuna mikono hakuna miguu, ni kupuliza tu. Nakumbuka yale mapovu yanapanda shavuni yanapasukia sikioni, na kadiri nilivyoyasikiliza ndo mabega yalivyoshuka. Tulifanya hivyo siku tatu nzima kabla hajaniruhusu kuogelea, na mwisho wa mwezi nikaenda mita 200 bila kugusa ukuta, nikatoka nje nikakaa chini kwanza maana machozi yalikuwa karibu.

Baiskeli sina mengi, nilijifunza kutumia gia nyepesi na kuzungusha pedeli haraka badala ya kukandamiza, miguu ibaki na kitu. Ila kuna zoezi moja usiliruke hata iweje, unashuka kwenye baiskeli unakimbia hapohapo. Mara ya kwanza nilishangaa, miguu kama sio yangu, mizito halafu haijui inakwenda wapi. Maana muda wote huo mapaja yamezoea kuzungusha huku uzito umebebwa na siti, ghafla unayaambia yabebe mwili na kupiga hatua. Dawa yake ni hatua fupifupi za haraka mwanzoni, na baada ya kama kilomita moja inafunguka. Nililifanya kila Jumamosi kwa wiki nane.

Sasa siku yenyewe. Maji ya wazi sio bwawa, chini hakuna mstari wa kukuongoza, unaona kijani tu na vumbi la maji linalotimuliwa na miguu ya waliokutangulia. Hatujafika boya la kwanza kisigino cha mtu kikanipiga kwenye miwani, ikahama, maji yakaingia jicho la kushoto, na hapohapo nikabana pumzi tena kama siku ya kwanza. Moyo ukaanza kukimbia. Nilikuwa najua sheria inaruhusu kushika boya au mtumbwi wa waokoaji ukapumzika, ilimradi usiutumie kusogea mbele, na kulijua hilo tu kulinipa utulivu. Nikageuka chali, nikaangalia mawingu, nikamwaga maji yaliyoingia kwenye miwani nikaikaza, nikapuliza pumzi yote mpaka tumbo likaingia ndani. Halafu nikarudi kifudifudi nikaanza kuimba kichwani, toa, toa, vuta, toa, toa, vuta. Kila baada ya mikono kama nane nainua macho kidogo tu juu ya maji nalitafuta boya. Nikasikia yale mapovu sikioni. Kuanzia hapo niliogelea mpaka ufukweni sikusimama tena.

Kwenye kubadilisha kutoka majini kwenda baiskeli, helmeti lazima uifunge kabla hujagusa baiskeli, na usiifungue mpaka umeirudisha baiskeli mahali pake. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, kile kibano kikanikatalia mara tatu, na mwamuzi alikuwa amesimama pembeni ananiangalia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Taratibu, itafunga." Ikafunga. Namshukuru sana yule mama popote alipo.

Mbio nilizianza kwa kujizuia. Kulikuwa na joto, na nilikuwa namfikiria Jonny Brownlee, mwanatriathloni wa Uingereza, kwenye mashindano ya Cozumel, Mexico, mwaka 2016, anaongoza, zimebaki mita mia chache tu, joto likammaliza miguu ikaanza kupepesuka mpaka kaka yake Alistair akamshika mkono akamsogeza hadi kwenye mstari. Kama joto linaweza kumfanya hivyo bingwa, mimi ni nani nisiliheshimu? Kila meza ya maji nikawa nakunywa kidogo, kinachobaki namwagia kichwani. Kilomita ya mwisho ndo nikaachia.

Kijana mmoja akapiga goti akanivua chipu ya kupimia muda kwenye kifundo cha mguu, na mi kitu cha kwanza nikatafuta simu nikampigia mzee. Hakuuliza muda wala nafasi. Akauliza, "Majini ulipuliza?" Nikamwambia nilipuliza, kocha. Akanyamaza kidogo, halafu akasema Jumanne nisichelewe, tunaanza mita 1,500.