Baridi ya Uyole si friji

Sisi tunaofuga paka kwa ajili ya panya wa ghalani huwahesabu kama fagio: akifa huyu, unaomba mwingine kwa jirani. Niliomba mara tatu. Kila mtoto wa paka aliyeingia ghalani alitapika povu la njano, akainamia bakuli la maji bila kunywa, siku mbili tatu kwisha. "Kalishwa sumu huyo," nikaambiwa. Sumu gani! Ilikuwa panlukopenia, ugonjwa wa kirusi cha jamii ya parvo, na kirusi hicho hukaa sakafuni hata mwaka mzima.

Ushauri wa pili ndio ulioniudhi zaidi: deki kwa ile dawa ya kahawia inayogeuka maziwa ukiitia kwenye maji. Nikadeki wiki nzima, ghala likanukia kama zahanati, na paka wa tatu akafa vilevile. Dawa hiyo haikiui kirusi hiki, halafu ni sumu kwa paka mwenyewe: anaikanyaga, anajilamba, na ini lake haliwezi kuivunja.

Kinachoua ni jiki. Lakini ukiimwaga juu ya uchafu inaishia kwenye uchafu, na ikikutana na mkojo wa paka inatoa hewa ya kukukaba koo. Sabuni na brashi kwanza, suuza, kisha nusu lita ya jiki ya asilimia 3.5 kwenye ndoo ya lita 10. Sakafu ibaki imelowa dakika 10. Iliyochanganywa jana mwaga. Maranda ya kujisaidia nilichoma yote, mabuti nayo yakapita kwenye ndoo.

Paka wa nne alikaa jikoni hadi akamaliza chanjo: wiki 8, 12 na 16, kisha baada ya mwaka. Wengi huishia ya pili. Kosa, kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama inaweza kuwa bado inaizima chanjo.

Bwana mifugo akanituma mjini kuifuata. "Baridi hii ya Uyole, huku Mbeya, mfukoni inatosha," watu wakasema. Chanjo inataka nyuzi 2 hadi 8, na mfuko wa koti una joto lako. Nikachukua chupa ya chai, barafu chini, gazeti katikati, vichupa juu. Visiguse barafu: humo ilikuwemo na chanjo ya kichaa cha mbwa, nayo ikiganda imeharibika. Hiyo alichomwa akiwa na wiki 12, ndani ya kiroba, kichwa nje. Kabla ya kiroba nilijaribu kwa mikono mitupu, na makovu ninayo.