Treni yangu ndogo ilikuwa ikizimika Manyoni: nilivyotatua

Chumba cha nyuma, hapa Dodoma, kilikuwa stoo ya mahindi. Baada ya kupiga lipu na kuweka dari ya jipsamu, nilijenga humo mfano wa Reli ya Kati kwa kipimo cha HO, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli: Dodoma mlangoni, Saranda, kisha Manyoni kwenye ukuta wa mbali. Kila treni ilipokaribia Manyoni ililegea, taa ikafifia, ikasimama.

Mita ya umeme ilitoa jibu. Dodoma volti 12, Manyoni 8 na ushee, treni ikiwa njiani. Umeme wa treni hizi hupita kwenye reli zenyewe, nao ulipotelea kwenye viungio, vile vibati vinavyoshika vipande vya reli. Nililaza nyaya mbili nene za shaba chini ya meza, nyekundu na nyeusi, kisha nikalehemu waya mwembamba kutoka kila kipande cha reli hadi kwenye nyaya hizo. Lehemu upande wa nje wa reli. Ukiweka ndani, ukingo wa gurudumu utagonga. Na rangi zisichanganywe: reli ya upande mmoja iende kwenye nyekundu, ya upande wa pili kwenye nyeusi, la sivyo utapata shoti.

Vumbi letu la kiangazi nalo lina nguvu zake. Nafuta reli kwa kitambaa chenye spiriti. Msasa sitaki hata kuuona: mikwaruzo yake ndiyo hukamata uchafu. Sasa Manyoni inasoma 11.7, na mabehewa yanapita bila kusita.