Choo cha soko kiko ukurasa gani?
Jana nilienda kwenye kikao cha kutoa maoni kuhusu mkakati wa fedha wa kaunti yetu huku magharibi. Mwaliko ulisema saa tatu asubuhi; tulianza saa tano kasoro. Waraka wenyewe mnene, nakala tatu tu kwa ukumbi mzima, tena zote za Kiingereza. Mama muuza omena aliyeketi kando yangu akaninong'oneza, "Mwanangu, nisomee pale penye soko." Nikasoma. Soko letu halikuwemo.

Nami ndiyo kwanza nilikuwa nimejifunza kuwa waraka huu sharti uwe umefika kwenye bunge la kaunti kufikia Februari 28, na wawakilishi wadi wana siku 14 tu za kuupitisha. Ukilala, umeachwa. Humo ndimo kila idara inapowekewa kiwango cha matumizi, kabla hata makadirio ya bajeti hayajawasilishwa. Sheria pia inadai angalau asilimia 30 ya bajeti itengewe maendeleo.

Mama akasimama, akauliza choo cha soko kiko ukurasa gani. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Afisa akaandika, nami nikachungulia daftari lake (umbea ninao, nakubali): "choo, soko". Basi.

Soda ikaletwa. Mvua ya saa tisa ikatukuta tukingoja boda. Makadirio yanafaa kufika bungeni kufikia Aprili 30, na mama ameshaniambia nisipange safari.