Zipu ya A-2, mara ya tatu: IMEFUNGA

Zipu ya jaketi langu imefunga jamani. Jumamosi saa tano na nusu usiku, nimekaa chini jikoni, nikavuta kichwa cha zipu toka chini mpaka kwenye kola, hakikukwama hata sehemu moja na kifua hakijavimba. Nikamwamsha mama watoto aje aone. Akaangalia, akasema "si ndo ilivyokuwa siku unalinunua?" akarudi kulala.

Kwa mliopitwa: jaketi ni kopi ya A-2 (jaketi la ngozi la wanajeshi wa ndege wa Marekani, vita ya pili ya dunia) za kiwanda cha Rough Wear, ngozi ya farasi, namba 42, nililipata mkono wa pili. Saizi niliipatia safari hii maana nilipima kwapa kwa kwapa, sio kuangalia fulana nayovaa (lile la kwanza niliagiza kama nanunua sweta, likaja gunia, nikauza kwa hasara). A-2 haitakiwi kuwa pana. Lilikatwa kwa ajili ya mtu aliyekaa kwenye ndege, fupi, kwapa ziko juu, ukisimama ukaona ribu (ule ufumo unaovutika) ya kiunoni inakaa pale kwenye mkanda ujue umepatia.

Shida ilikuwa zipu. Wiki ya tatu tu kile kitambaa cha zipu pale chini, kwenye pini inayoingia kwenye kiboksi, kikaanza kuchambuka nyuzi. Nikamwandikia muuzaji, akanijibu eti zipu za enzi zile ndo zilikuwa hivyo, ni uhalisia. Uhalisia gani bana! Nilienda Dayton, jumba la makumbusho la jeshi la anga la Marekani, toka hapa Columbus, Ohio ni mwendo wa saa moja na kidogo na kuingia ni bure, nikasimama mbele ya vioo nikitazama A-2 zenyewe, zipu za kampuni ya Talon za miaka ya 40 na meno yake yamekaa mstari. Hizo zimeenda vitani, yangu imeenda dukani kununua maziwa.

Nikapeleka kwa fundi wa kwanza, akakataa hata kuligusa. Wa pili akasema atalipitisha kwenye cherehani fasta, nikalichukua nikakimbia nalo, maana ngozi haina msamaha, tundu la sindano likishatoboka limetoboka, ukipitisha cherehani juu ya tundu za zamani unapata mstari wa matundu kama stempu na siku moja linachanika hapo hapo. Kwa hiyo nikaamua nafumua mwenyewe na kushona kwa mkono, kwenye tundu zile zile. Tundu 8 kila inchi, zipu inchi 23, ni 184 upande mmoja, 368 pande zote. Nimeshona mara tatu. Pigeni hesabu wenyewe mimi naogopa.

Mara ya kwanza nilitumia sindano kali ya ngozi. Kosa. Ncha inachana ukingo wa tundu na inapita katikati ya uzi uliokwisha kushonwa. Mzee mmoja wa Kibarawa ana kibanda cha kushona viatu na mabegi, nikampigia shikamoo nikamwonyesha, akaitikia marahaba, akaishika ile sindano akaitazama kama nimemletea kisu cha kuchinjia. "Mwanangu, tundu lipo tayari, unataka kumtoboa nani?" Akanipa mbili butu, za watengeneza hatamu, uzi mmoja sindano mbili, kila moja inatokea upande wake. Toka siku hiyo sijarudi nyuma. Na uzi wa pamba kwa zipu mimi sikubali, najua wa asili ulikuwa pamba ila pamba inaoza, nimeweka poliesta yenye nta, anayetaka kunisema aje anisemee usoni.

Mara ya pili sindano sawa, uzi sawa, nafunga zipu, upande wa kulia umeshuka milimita 6 chini ya kushoto na kifuani kuna wimbi kama nimeficha chapati. Nililala na hilo wimbi siku nne. Nikapima zipu, iko sawa. Nikapima ngozi, sawa. Nikahesabu tundu, sawa!! Kumbe upande mmoja nilianza chini kwenda juu, mwingine nilianza kwenye kola kushuka, na ngozi unaposhona unaisukuma mbele kidogo kidogo, kitambaa cha zipu hakivutiki, sasa upande huu ziada imesukumiwa juu na ule imesukumiwa chini. Hiyo tu. Siku nne.

Mara ya tatu nikafunga zipu kwanza kabla ya uzi wowote, nikaibana pande zote kwa vile vibanio vya karatasi na kipande cha boksi katikati visiache alama (pini usithubutu, kila pini ni tundu jipya), nikaweka alama za chaki kwenye kola, juu ya mfuko na chini kabisa, ndo nikafungua. Pande zote mbili nikaanzia chini, kwenye pini na kiboksi. Kila inchi tano nafunga zipu naangalia. Mwisho nikapaka mshumaa kwenye meno.

Mpango ulikuwa nikimaliza zipu nahamia kwenye ribu za mikono, nimeshanunua za sufu na zimekaa tu kwenye mfuko. Ila kule Dayton kuna kitu kiliniingia kichwani. Mgongo wa A-2 ni kipande kimoja cha ngozi, hauna mshono katikati, ndo maana wale vijana walichora jina la ndege yao na bomu moja kwa kila safari. Mimi sijaangusha bomu. Vyeo na beji za vikosi sivai, sijavifanyia kazi, na nikienda nazo nyumbani, raia kuvaa vitu vya kijeshi ni kutafuta kesi. Lakini jina la kanga je? JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, herufi kubwa zile zile, rangi ya maziwa juu ya kahawia. Baada ya zipu hii nani ataniuliza.

Mstari mmoja herufi zinakuwa ndogo mno, nimejaribu kwenye gazeti, herufi 21 hazitoshi vizuri kati ya mabega. Itakuwa mistari miwili, SIKATI inakaa juu kidogo ya ribu. Rangi ya akriliki ya ngozi nimeshaagiza, asetoni ya kufutia ipo. Ya kufuatishia herufi nimetumia kanga yenyewe, nimeitoa kabatini bila kuomba na sasa ina chaki. Kesho asubuhi nitajieleza.