Maji ya Njombe Huchemka Mapema Kuliko ya Tanga

Nimeishi Njombe muda wa kutosha kuyasikia maelezo yote yanayotolewa kuhusu maharage yanayokawia kuiva: kwamba mbegu ni ya zamani, kwamba kuni ni mbichi, kwamba maji ya huku ni mazito. Ni kweli kwamba maharage yaliyokaa sana ghalani huwa magumu, lakini hata yaliyovunwa juzi huchukua muda mrefu zaidi jikoni hapa kuliko Tanga nilikozaliwa, na sababu kubwa ni hewa iliyo juu ya sufuria.

Shuleni tulikaririshwa kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selisiasi, bila kuambiwa kwamba hiyo ni habari ya usawa wa bahari. Maji yanapopashwa moto, mvuke wake hupata msukumo unaokua kadiri joto linavyopanda, huku hewa ikiyakandamiza maji kutoka juu. Maadamu msukumo wa mvuke ni mdogo kuliko mgandamizo wa hewa, kila kiputo cha mvuke kinachojaribu kujitunga ndani ya maji hubanwa kikatoweka. Ukishalingana nao, viputo hukua, hupanda, na maji hutokota. Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho achukue bomba la sindano lisilo na ncha, avute maji ya moto ambayo yameacha kuchemka, azibe mdomo wa bomba barabara, kisha avute mpini kwa nguvu: maji yatachemka upya bila moto wowote, kwa kuwa mgandamizo ndani ya bomba umepungua.

Usawa wa bahari mgandamizo huo ni wastani wa hektopaskali 1,013. Njombe, karibu mita 2,000 juu, unabaki takriban asilimia 80 yake, na maji huchemka kwa nyuzi 93 au 94 hivi. Kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, unabaki kama nusu, na maji hutokota yakiwa na nyuzi 81 hivi tu. Kwa makadirio ya haraka, kila mita 300 za kupanda hupunguza nyuzi 1.

Uhusiano huu ni wa uhakika kiasi kwamba wasafiri wa zamani waliutumia kupima mwinuko wa nchi kutoka usawa wa bahari: walichemsha maji, wakasoma kipimajoto, wakakokotoa. Waingereza Burton na Speke walipofika Ziwa Tanganyika Februari 1858, vifaa vyao vizuri vilikuwa vimeharibika njiani, wakabaki na kipimajoto cha kawaida cha maji ya kuogea. Hesabu yao iliuweka uso wa ziwa kwenye futi 1,850 hivi, yaani pungufu ya mita 570, ilhali uko karibu mita 770. Kosa la mita 200 linatisha, lakini kwenye kipimajoto halifiki hata nyuzi 1, na sioni haki ya kuwacheka watu waliosoma tofauti ndogo hivyo kwa chombo cha bafuni. Athari yake ilikuwa kubwa hata hivyo, kwani mwinuko wa ziwa hilo uliingia katika ubishi wao mkali kuhusu chanzo cha Mto Nile.

Turudi jikoni. Maji yakishachemka hayapandi joto tena, kwa sababu joto lote unaloongeza huondoka na mvuke. Kuchochea moto chini ya sufuria inayotokota tayari kunakausha maji na kumaliza mkaa, wala hakuharakishi maharage hata kidogo. Nyuzi sita au saba zinazokosekana zinaonekana chache, ila kulainika kwa punje ni mabadiliko ya kikemia ambayo hupungua kasi sana joto linaposhuka.

Dawa ni kuurudisha mgandamizo, na ndiyo kazi ya sufuria ya presha, ambayo Mfaransa Denis Papin aliionyesha London mwaka 1679. Mvuke uliofungiwa huyakandamiza maji hadi yafikie nyuzi 120 hivi usawa wa bahari. Kizibo cha uzito kilicho juu ya mfuniko huongeza mgandamizo juu ya ule wa hewa ya mahali ulipo, kwa hiyo sufuria ileile hapa Njombe huishia kwenye nyuzi 117 hivi. Ongeza dakika chache kwenye muda ulioandikwa katika karatasi ya maelekezo.

Kuhusu maji ya kunywa, upungufu huu hauna hatari kubwa, kwani vijidudu vingi vya maradhi hufa kabla maji hayajafika nyuzi 93. Hata hivyo wataalamu wa afya wa Marekani hushauri kwamba palipo juu ya mita 2,000 hivi maji yaachwe yatokote dakika 3 badala ya 1, na mimi hufuata hivyo.