Nyonga bandia ikitoa usaha, usikimbilie antibiotiki

Kovu la nyonga bandia likianza kuvuja, mgonjwa mara nyingi huandikiwa antibiotiki za wiki moja. Kovu linakauka, maumivu yanapungua. Dawa zikiisha, usaha unarudi, na safari hii ni vigumu zaidi kumjua bakteria aliyeuleta.

Chuma na plastiki havina mishipa ya damu. Bakteria, hasa stafilokoka, hujishikiza juu yake, hujifunika utando na kukua polepole mno. Vidonge peke yake haviwamalizi humo.

Kwa hiyo kama mgonjwa hana dalili za sumu kuenea kwenye damu, dawa zisubiri mpaka kiungo kivutwe majimaji kwa sindano. Aliyekwisha kuanza antibiotiki, daktari humsimamishia angalau wiki 2 kabla ya kipimo, la sivyo maabara inaweza isione kitu ilhali kipo. Seli nyeupe za damu zaidi ya 3,000 kwa mikrolita moja ya majimaji hayo zinaashiria maambukizi. Kupangusa kovu kwa pamba hakusaidii. Unaokota bakteria wa ngozi. Kwenye upasuaji zichukuliwe sampuli 5 au 6 za tishu, kila moja kwa kifaa chake, na zioteshwe hadi siku 14, maana wako bakteria wanaochelewa kuota.

Kiungo kinaweza kuokolewa ikiwa maambukizi ni mapya, yaani ndani ya takriban wiki 4 tangu upasuaji, au dalili za ghafla zisizozidi wiki 3, nacho hakijalegea. Hufunguliwa, tishu mbovu hukatwa, huoshwa kwa lita kadhaa za maji ya chumvi, kisha kichwa (tufe la nyonga bandia) na bitana ya kikombe, yaani kitambaa cha ndani cha tundu ambamo tufe huzunguka, hubadilishwa. Hatua hii ya mwisho isirukwe, kwani nyuma ya bitana hakuosheki. Maambukizi yakishakuwa ya zamani, kiungo kitolewe chote, pamoja na saruji inayokishikiza kwenye mfupa. Kipya huwekwa papo hapo, au baada ya wiki kadhaa za kiungo cha muda chenye saruji iliyochanganywa na antibiotiki ya gentamisini au vankomisini.

Antibiotiki sasa ndiyo zina kazi. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2021 ulionyesha kuwa antibiotiki za wiki 6 zilishindwa mara nyingi zaidi kuliko za wiki 12. Kwa stafilokoka huongezwa rifampisini, ambayo hupenya utando, lakini kamwe isitolewe peke yake: usugu huzuka upesi. Ianze kidonda kikiwa kimekauka na mirija ya kutoa majimaji imetolewa. Hupunguza nguvu za wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na dawa nyingine nyingi, hivyo daktari aonyeshwe kila kidonge anachomeza mgonjwa.